Alama ya Mpaka: Msitu wa Mji na Majirani Zake

Tunapofundisha habari za uumbaji, wengi wetu tumezoea kuutaja msitu kana kwamba uko mbali, huko milimani, mikononi mwa mabwana misitu na wanyama wa porini. Lakini msitu ulio hatarini zaidi katika siku zetu mara nyingi ni ule ambao mshirika wetu huuona akifungua dirisha la jikoni. Miji imeufikia. Mahali palipokuwa na mashamba na njia za miguu pana nyumba zenye ua, choo cha shimo au cha maji, banda la kuku, mbwa wa ulinzi na taa inayowaka usiku kucha. Makala hii inahusu ule mstari ambapo msitu unakoma na ua wa nyumba unaanza. Tunataka kueleza mambo yanayotokea pale, na kwa nini mchungaji wa usharika wa mjini hana budi kuyajua kama anavyojua mipaka ya usharika wake.

Hatuna nia ya kuwahukumu watu wanaojenga. Wengi wao ni washirika wetu, na wengi walijenga pale kwa sababu hawakupata mahali pengine.

Ukingo ni nini?

Mtu asiyezoea elimu ya misitu hudhani kwamba msitu wa hekta 10 ni msitu mzima wa hekta 10. Sivyo. Miti iliyo kandokando haiishi maisha yale yale ya miti iliyo katikati. Upepo huingia kutoka upande ulio wazi, jua hupiga ubavuni, udongo hukauka, na mimea midogo iliyozoea kivuli na unyevu hushindwa. Watafiti wa Brazil na Marekani wamekuwa wakichunguza vipande vya msitu kaskazini ya mji wa Manaus tangu mwaka 1979. Wameona kwamba miti mikubwa iliyo ndani ya mita 300 kutoka ukingoni hufa upesi zaidi kuliko ile ya ndani, kwa kung'olewa na upepo, kuvunjika au kukauka. Huko hakukuwa na nyumba za mji jirani, bali malisho ya ng'ombe tu. Ukingo wenyewe ni jeraha, hata kabla jirani hajatenda neno lolote.

Tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuirudia ubaoni. Tuseme madhara ya ukingo yanafika mita 50 tu kwenda ndani. Msitu wa mraba wenye upande wa mita 1,000, yaani hekta 100, hubakiwa na hekta 81 zilizo salama katikati. Msitu wenye upande wa mita 200, yaani hekta 4, hubakiwa na hekta 1 peke yake. Wa hekta 1 haubaki na kitu. Wote ni ukingo. Na ule ukanda mwembamba wa miti unaofuata mto, urefu kilomita moja na upana mita 100, ingawa ni hekta 10 kamili katika ramani, nao wote ni ukingo. Ndiyo maana barabara moja inayokatwa katikati ya msitu huuharibu kuliko eneo la lami linavyoonyesha: imeongeza kingo mbili mpya mahali pasipokuwa na hata mmoja.

Juu ya jeraha hilo ndipo linakuja tendo la jirani. Mwaka 1993 mtaalamu Glenn Matlack alitoa matokeo ya uchunguzi wake katika misitu midogo iliyozungukwa na makazi katika jimbo la Delaware, Marekani. Alihesabu alama zote za binadamu alizozikuta: majani yaliyofyekwa na kutupwa, kuni zilizokatwa, vibanda vya watoto, takataka za ujenzi, vijia. Sehemu kubwa sana ya alama hizo ilikuwa ndani ya mita zisizofika 100 kutoka ukingoni, na nyingi zilikuwa nyuma ya nyumba kabisa. Baadaye watafiti wa Ontario, Kanada, walikuta mambo ya namna hiyo hiyo katika misitu ya halmashauri za miji. Wenye nyumba walimwaga taka za bustani, wakasogeza maua na nyasi zao hatua chache, wakaweka rundo la mbao, kisha benchi. Uzio ulisaidia, lakini peke yake haukutosha.

Jambo lililotugusa katika habari hizo ni kwamba waharibifu hawa si wezi wa magogo. Ni watu wastaarabu wanaokwenda kanisani, ambao kila mmoja amechukua hatua mbili tu.

Hatua mbili tu

Kwetu mambo hayatofautiani sana, ila yamepambwa kwa desturi zetu. Mwenye nyumba hufagia ua, na takataka huvukishwa ukuta. Humo mna mbegu na vipande vya mimea ya bustani. Lantana, iliyoletwa kwa ajili ya maua yake, huota pale penye mwanga wa ukingo na kufunga njia kwa miche ya asili. Mwarobaini, mti tunaoupenda kwa dawa na kivuli, matunda yake huchukuliwa na ndege na popo na kupelekwa mahali ambapo hakuna aliyeupanda. Mbwa hutoka usiku kuwinda paa wadogo. Taa ya ulinzi, iliyoelekezwa msituni kwa kuogopa wezi, huwasumbua komba na wadudu wa usiku. Maji ya kufulia na ya karo hutiririka kufuata mteremko. Kisha jirani apanda mihogo michache "kwa muda"; mwaka wa pili apanda mgomba; mwaka wa tatu mgomba umekuwa ushahidi kwamba shamba ni lake.

Mwenye kulima hivyo hana nia ya kuua msitu. Ana nia ya kula. Lakini tukichukua nyumba mia moja zilizopangana ukingoni, kila moja na hatua zake mbili au ishirini, tunapata ukanda ule ule tuliouhesabu ubaoni.

Pugu

Mfano ulio karibu nasi ni vilima vya Pugu, Wilaya ya Kisarawe, kilomita zipatazo 25 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Wasomaji wengi watakumbuka jina la Pugu kwa ajili ya shule ambayo Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa. Wataalamu wa mimea huikumbuka kwa sababu nyingine: msitu wake ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na una mimea isiyopatikana penginepo duniani. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Sensa ya 1957 ilihesabu watu wapatao 129,000 katika Dar es Salaam. Sensa ya 1988 ilikuta zaidi ya milioni 1.3 katika mkoa wote, na ile ya 2022 ikakuta watu 5,383,728. Mstari uliochorwa mwaka 1954 ulipita katikati ya pori, wala hapakuwa na haja ya kuulinda sana. Leo mji umefika hapo.

Kwanza ulifika mkaa, kwa sababu mji hupika kwa mkaa. Kisha mashamba. Kisha viwanja. Huu ndio mwendo wa kawaida: mti hukatwa na maskini ili mwenye nacho apike, kisha mahali palipokwisha kuwa wazi huuzwa na dalali kama "pori lisilo na mwenyewe". Misitu hii miwili leo imepandishwa daraja kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini daraja la hifadhi halibadili umbali kati ya jiko na mti.

Na tusisahau maji. Mto Msimbazi huanzia katika vilima hivyo vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Udongo usioshikwa na mizizi huko juu hushuka na kujaza mkondo huko chini. Wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 watu walikufa na kaya nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishwa. Hatusemi kwamba mafuriko yale yalisababishwa na ukingo wa Pugu pekee. Bonde lenyewe lilikwisha kujengwa, mifereji ilizibwa, na mvua ilikuwa kubwa mno. Twasema tu kwamba anayesogeza ua wake huko juu ana jirani mwingine asiyemwona, aliye Jangwani.

Karura

Nairobi wanao msitu wa Karura, hekta 1,041, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Upande mmoja una Muthaiga na Gigiri, mahali pa mabalozi na matajiri. Upande mwingine una kijiji cha Huruma, chenye vyumba vya mabati. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa za msitu huu ziligawiwa kwa siri kwa makampuni yaliyotaka kujenga nyumba za fahari. Tangu Oktoba 1998 Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa chama cha Green Belt, aliongoza watu kwenda kupinga na kupanda miche. Tarehe 8 Januari 1999 yeye na wenzake walishambuliwa mlangoni pa msitu na watu wenye silaha za jadi na marungu. Alipigwa kichwani, akaenda kituo cha polisi, na mashtaka yake akayatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hayo yanajulikana. Yasiyojulikana sana ni yaliyofuata, nayo ndiyo yenye mafundisho kwa makala hii. Msitu uliookolewa na wajenzi ulibaki mahali pa kutisha. Watu waliibiwa na kuuawa humo, na kuni na mbao zilikatwa usiku. Sheria ya Misitu ya Kenya ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi wanaopakana na msitu kuunda vyama na kushirikiana na Serikali kuusimamia. Kwa njia hiyo wakazi wa pande zote waliunda chama cha Marafiki wa Karura. Uzio wa umeme ulijengwa kuzunguka msitu, na mwaka 2011 milango ilifunguliwa kwa watu wote kwa kiingilio. Vijana wa Huruma, baadhi yao waliokuwa wakikata miti ile ile, waliajiriwa kuwa walinzi, na akina mama wakaruhusiwa kuokota kuni zilizokauka kwa utaratibu maalumu.

Tuseme wazi tunavyolipima jambo hili. Uzio ni dawa kali. Humzuia mbwa na panga, lakini humzuia pia mtoto asiye na kiingilio. Kama Karura ingefunga uzio bila kuwaajiri watu wa Huruma na bila ruhusa ya kuni, tungesema kwamba matajiri wamejipatia bustani. Kwa sababu maskini waliingizwa ndani ya ulinzi wenyewe, tunaona ni mfano mwema, ingawa haujakamilika.

Wachagga walijua jambo hili zamani. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wa nusu maili kati ya vihamba na hifadhi ya Kilimanjaro, ili wananchi wapate kuni, nguzo na majani humo, na msitu mkubwa ulio juu usiguswe. Wazo lilikuwa jema kabisa: badala ya mstari, pawe na ukanda wenye kazi. Ulidhoofika baadaye kwa sababu usimamizi ulihamishwa mara kadhaa kati ya mamlaka za wenyeji na Serikali Kuu, hata mwananchi asijue amwulize nani.

Maandiko yasema nini?

Wahubiri wa mambo ya mazingira hukimbilia Mwanzo 1 na 2. Hatuna ugomvi na sura hizo, lakini kwa shauri la ukingo wa mji kuna mahali panapofaa zaidi, ambapo hapahubiriwi mara nyingi. Katika Hesabu 35:2-5 Bwana anaamuru kwamba Walawi wapewe miji pamoja na malisho yanayoizunguka. Kiebrania hutumia neno migrash, eneo la wazi lililo nje ya ukuta. Vipimo vinatolewa: dhiraa elfu moja kutoka ukutani, na dhiraa elfu mbili kila upande. Wafasiri wamesumbuka sana kupatanisha vipimo hivi viwili, nasi hatutawasumbua wasomaji. Linalotuhusu ni Walawi 25:34. Nyumba ya Mlawi yaweza kuuzwa na kukombolewa, lakini eneo la wazi linalouzunguka mji haliuzwi kamwe. Hata mji wa maono katika Ezekieli 48 una eneo hilo pande zote nne.

Tujihadhari hapa. Eneo lile lilikuwa la mifugo, si hifadhi ya miti, na mwanafunzi atakayeandika katika mtihani kwamba Musa alianzisha idara ya misitu hatapata alama kwetu. Lakini kanuni iliyo ndani ya sheria hiyo ni dhahiri: mji una kando yake, na kando hiyo ni ya wote kwa vizazi vyote, wala mtu mmoja hana mamlaka ya kuigeuza bidhaa.

Pili, tusome tena 1 Wafalme 21, safari hii tukiangalia sababu ya Ahabu. Hakulitaka shamba la Nabothi kwa kuwa lilikuwa kubwa au lenye rutuba. Alilitaka kwa sababu lilikuwa karibu na nyumba yake, naye alitaka bustani ya mboga. Hii ndiyo tamaa ya mwenye ua unaopakana. Tena jambo lilimalizika kwa nyaraka: barua zilizotiwa muhuri wa mfalme, mashahidi wawili, baraza la wazee. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake.

Hapo ndipo Luther anatusaidia. Katika Katekisimo Kubwa, akieleza amri ya tisa na ya kumi, anasema kwamba amri hizi hazikuwekwa kwa ajili ya wezi wa wazi, maana hao wamekwisha kukatazwa katika amri ya saba. Zimewekwa kwa ajili ya watu waadilifu machoni pa watu, ambao hupata kilicho cha jirani kwa sura ya haki, kwa hila za kisheria zisizoshitakika. Wagawiwa wa Karura walikuwa na hati. Anayenunua kiwanja ndani ya hifadhi kwa kuandikishana mbele ya mjumbe ana karatasi yenye mashahidi. Mshirika akituambia, "Mchungaji, nina karatasi," amri ya tisa inaanzia pale anapomalizia.

Usharika wenyewe

Tungependa kuishia kwa washirika, lakini haitakuwa haki. Kanisa nalo ni jirani wa msitu. Sharika mpya za mjini hufunguliwa pembezoni, kwa kuwa ndiko watu wanakohamia na ndiko viwanja vinakopatikana kwa bei nafuu. Mara kwa mara husikika habari ya usharika uliopewa eneo "la bure" na kiongozi fulani au mfadhili fulani, na eneo lenyewe liko upande wa pili wa jiwe la mpaka. Baraza la wazee hushangilia. Waashi huja, na mwaka wa tatu nyumba ya ibada inapata alama ya X nyekundu ukutani. Wanaoumia ni wajane waliotoa matofali.

Basi kabla ya kupokea kiwanja cha namna hiyo, mchungaji awaulize wazee maneno machache mbele ya kumbukumbu za kikao. Anayetoa alikipataje? Ramani ya upimaji inasema nini, na nani ameiona kwa macho yake katika ofisi ya ardhi, si nakala mkononi mwa dalali? Bwana misitu wa wilaya ameulizwa? Bikoni ziko mahali pake, au zimehama? Kama jibu la lolote ni kunyamaza, usharika uendelee kuabudu chini ya turubai. Tunajua gharama ya shauri hili. Mvua za masika zikinyesha, turubai halina theolojia.

Na palipo na kiwanja halali kinachopakana na msitu, tuanze nyumbani. Shimo la taka lichimbwe upande ulio mbali na msitu. Taa zielekezwe chini. Mahema ya harusi na vipaza sauti viwe upande wa barabara. Kati ya ukuta na msitu pabaki njia ya miguu iliyofyekwa, pana kiasi cha watu wawili kupishana, maana mahali wanapopita watu kila siku ni vigumu mtu kupanda mgomba. Watoto wa Kipaimara, ambao katika sharika nyingi wamekwisha kuzoezwa kupanda miti, wapande ile ya asili inayopatikana msituni humo humo, si mwarobaini wala mikaratusi kwa sababu tu miche yake ilikuwa tayari.

Kuna desturi moja ya zamani tunayopendekeza ifikiriwe. Juma linaloanza na Jumapili ya Rogate, ya tano baada ya Pasaka, Wakristo wa Ulaya walikuwa wakizunguka mipaka ya mashamba na ya usharika kwa maandamano na maombi. Mwaka 1519 Luther alihubiri juu ya maandamano hayo akikemea ulevi na mzaha ulioyaingia, lakini maombi yenyewe kwa ajili ya mashamba hakuyadharau. Usharika unaopakana na msitu waweza kuyafanya bila ulevi. Baada ya ibada, mchungaji, wazee, vijana na mwenyekiti wa mtaa, pamoja na bwana misitu akikubali, watembee kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho. Katibu aandike katika daftari namba ya kila jiwe, kama lipo, limelala, au halionekani. Mwaka unaofuata daftari hilo hilo lichukuliwe tena, na namba zisomwe kwa sauti pale pale kila jiwe lilipo.